Pikapu ya Shemeji Ilitoka Wapi?

Jumapili moja jioni, mawingu yakiwa yameufunika Mlima Meru hata kilele chake kisionekane, dada yangu na mumewe walinijia nyumbani hapa Sekei. Chai waliinywa, lakini hawakuja kwa ajili ya chai. Shemeji alikuwa na picha katika simu yake, na dada alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku kadhaa.

Picha ile ilikuwa ya pikapu aina ya Toyota Hilux, ile ambayo watu wetu huiita Vigo, yenye milango minne na injini ya lita tatu. Ilikuwa nyeupe, imeng'arishwa hata matairi yake yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Shemeji hajapata kumiliki gari maishani mwake. Kwa miaka saba yeye na mkewe wamekuwa wakiweka akiba kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo, fedha za mshahara wake na za maziwa anayouza dada, ili wapate chombo cha kuleta vitunguu kutoka Mang'ola hadi soko la Kilombero. Akiba hiyo haikutosha kwa gari lile. Ili itoshe, ilikuwa lazima wauze kiwanja chao cha Kisongo, ambacho dada alikwisha kukihesabu kuwa ni cha watoto.

"Kaka," dada akaniambia, "mimi sikatai gari. Nataka mtu aniambie kama gari hili linastahili kiwanja."

Ndugu msomaji, mimi si fundi. Lakini nimenunua magari mawili yaliyotumika, na la kwanza lilinifundisha kwa bakora. Basi nikakubali kufuatana nao kulitazama.

Kwanza nimtendee shemeji haki. Watu wengi hudhani kwamba mtu anayetaka gari lenye nguvu anataka majivuno tu. Hapa kwetu jambo hilo si kweli kabisa. Mji wa Arusha umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabochaja, yaani kile chombo kinachoisukumia injini hewa, hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtu anayetoka bonde la Ziwa Eyasi na magunia, akapanda hadi Karatu na kuendelea mpaka hapa, ana haki ya kutaka injini isiyokata tamaa. Vigo ya lita tatu hutoa nguvu za farasi zipatazo 163 hadi 171, kufuatana na soko iliyotengenezewa, na mvuto wake mlimani ni wa kusifiwa.

Lakini nguvu hizo ndizo zinazonitia mashaka. Gari dogo la saluni linaweza kuwa lilitumiwa na karani kwenda ofisini na kurudi. Pikapu yenye nguvu hununuliwa ifanye kazi, na mtu huiuza baada ya kazi hiyo kufanyika. Swali langu kwa dalali lilikuwa moja tu: kazi gani?

Dalali alitupokea kwa heshima nyingi. Akatueleza kwamba gari lilikuwa limetoka Japani moja kwa moja, na kwamba huko lilimilikiwa na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akilitoa siku za mapumziko tu. Mzee huyo wa Japani nimemsikia mara nyingi. Inaonekana anamiliki nusu ya magari yanayouzwa nchini. Safari hii, hata hivyo, dalali alikuwa amechagua gari baya la kumpa. Kampuni ya Toyota iliacha kuuza Hilux katika soko la Japani mwaka 2004, wakati ule ule Vigo ilipoanza kutoka Thailand, na haikuirudisha huko hadi mwaka 2017, katika umbo jipya kabisa. Vigo haikupata kuuzwa rasmi kwa wazee wa Japani, wastaafu au wasio wastaafu.

Nikamwomba afungue boneti. Kuna kibati kinachoandikwa aina ya gari na namba ya chesisi, na namba hiyo hiyo huwa imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe. Mnunuzi anapaswa kuzisoma zote mbili, kisha azilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Aina ilikuwa KUN26, na hapo dalali alikuwa amesema kweli, kwa sababu hiyo ndiyo ya lita tatu inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. KUN25 ni ya lita mbili na nusu. Namba ya chesisi ilianza kwa herufi AHT. Zinazoundwa Thailand huanza kwa MR0, na hizi za AHT huundwa Afrika Kusini. Dalali akasema labda lilipitia Japani kwa meli. Shemeji akacheka, kisha akaona kwamba dada hacheki.

Kutoka Afrika Kusini si dosari. Magari mengi mazuri ya hapa nchini yametoka huko. Lililonikera ni kwamba sasa tulikuwa na gari lisilo na historia, na ile iliyosimuliwa ilikuwa ya uongo. Namba ya usajili nayo haikusaidia. Watu wetu husema, "Hili ni namba D, bado jipya," kana kwamba herufi ni cheti cha kuzaliwa. Herufi ile huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Gari lenye miaka kumi linaweza kuingia leo likapewa namba ya leo. Jirani zetu wa Kenya huyakataa magari yaliyopita miaka minane. Sisi tunayaruhusu, ila tunayatoza ushuru zaidi kwa uchakavu, na hivyo kazi ya kuhesabu miaka imebaki kwa mnunuzi.

Aliyelifumbua fumbo ni dada. Sisi wanaume wawili tulikuwa tumeinama kwenye injini kama madaktari, naye alikuwa amepanda kwenye kizingiti cha mlango akipapasa paa kwa kiganja. "Mbona hapa pana matundu yamezibwa?" akauliza. Tukapanda nasi. Palikuwa na alama nne zilizojazwa na kupakwa rangi, na tundu jingine la waya. Hapo palikuwa pamefungwa taa ya kuzunguka, kama zile za magari ya migodini. Nikalala chini nikatazama uvunguni. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa vyuma viwili kila upande, na chesisi ilikuwa na mshono wa kuchomelea uliofichwa kwa rangi nyeusi mbichi. Harufu yake ilikuwa bado haijaisha.

Niseme wazi: gari la mgodini au la mradi si lazima liwe bovu. Mengine hutunzwa kwa ratiba kuliko sisi tunavyojitunza. Lakini chesisi iliyochomelewa ni habari nyingine. Pikapu husimama juu ya chuma hicho. Injini hukaa juu yake, abiria hukaa juu yake, mzigo pia. Injini mbovu hubadilishwa. Chesisi iliyokatika ikaungwa na mtu usiyemjua huwezi kuijaribu ila barabarani, nawe ukiwa ndani.

Injini yenyewe tuliikuta ya moto, na hili ni jambo la kuangaliwa sana. Tulikuwa tumeahidiana saa mbili asubuhi, nikaweka mkono juu ya boneti nikakuta joto. Anayeuza injini ya dizeli huipasha moto kabla hujafika, kwa kuwa ugonjwa wake hujionyesha asubuhi ikiwa baridi: moshi mweupe, mgongano wa vyuma, kuwaka kwa taabu. Injini hizi za lita tatu zina udhaifu unaojulikana na mafundi. Chini ya nozeli zake kuna washa za shaba. Zikivuja, hewa ya moto hushuka kwenye oili na kuifanya nzito kama lami. Lami hiyo huziba chujio lililo chini kabisa, na siku moja injini hukosa oili katikati ya mlima ikafa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ukiona moshi unapuliza kwa nguvu, shukuru, kisha uondoke.

Gari lolote la umri huo lililoishi hapa nchini nalo liliwahi kunywa kilichopatikana. Kabla ya mwaka 2011, serikali ilipoipandisha kodi ya mafuta ya taa, dizeli iliyochakachuliwa ilikuwa balaa la kila siku. Nozeli za injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Tuliondoka bila kulipa. Dalali alitukumbusha kwamba kuna mteja mwingine anakuja saa sita. Mteja huyo nadhani ni ndugu wa yule mzee wa Japani.

Njiani kurudi, ndani ya daladala, mume na mke hawakusemezana. Shemeji alikuwa ameumia. Kwa miezi alikuwa amejiona akiendesha gari lile, na wenzake kazini walikwisha kumpongeza. Tulipofika nyumbani dada ndiye aliyevunja ukimya, akaleta daftari lake la maziwa.

"Baba watoto, tutabeba magunia mangapi?"

"Kumi na tano."

Hapo hesabu ikawa fupi. Kisheria gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, ingawa sote tunaijua lumbesa. Magunia kumi na tano ni tani moja na nusu. Pikapu ya milango minne, yenye nguvu au isiyo na nguvu, kwa kawaida imeruhusiwa kubeba tani moja hivi, na ndani ya tani hiyo huhesabiwa abiria pamoja na dereva. Nguvu ya injini haiongezi hata kilo moja. Ndiyo maana watu huongeza vyuma vya springi, na ndiyo maana chesisi hukatika. Shemeji akashuka hadi magunia saba. Kwa magunia saba hakuhitaji lita tatu, na kwa lita mbili na nusu hawakuhitaji kuuza kiwanja.

Waliipata baada ya wiki tisa, Usa River, kwa mtumishi mstaafu aliyeinunua ikiwa mpya na kuitunza pamoja na faili la risiti zake zote, hata za balbu. Namba yake ilianza kwa MR0. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni ambao mwenyewe aliueleza kabla hajaulizwa. Tulifika alfajiri tukaikuta baridi. Tuliipeleka barabara ya Namanga, ukipita Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu, ambapo mlima huuliza maswali yote bila adabu, na fundi wetu akiwa kiti cha nyuma akisikiliza. Difu ililia kidogo. Tukaomba bei ipunguzwe kwa ajili ya difu, ikapunguzwa.

Karatasi zilitaka subira kuliko injini. Wasomaji wengine bado huulizia stika ya leseni ya kila mwaka ya barabara. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo deni halionekani tena kwenye kioo. Linaonekana kwingine. Faini za polisi wa usalama barabarani hutazamwa kwa namba ya gari, na ada za maegesho za TARURA vilevile. Tulikuta deni dogo la maegesho, muuzaji akalilipa tukiwa tumekaa. Kadi halisi alikuwa nayo mkononi. Kama angesema iko benki, tungekwenda benki pamoja kabla ya kutoa hata shilingi, kwa kuwa kadi iliyoko benki kwa kawaida ni ya gari lililowekwa rehani. Mkataba ulisainiwa mbele ya wakili, na umiliki ukahamishwa TRA bila kukawia. Namba ya manjano ni ya matumizi binafsi. Siku shemeji atakapotaka kubeba mizigo ya watu wengine kwa malipo, itampasa aende LATRA, abadilishe namba iwe nyeupe, na bima yake ibadilike pia. Hili tulilisema mapema ili asije kulisikia kutoka kwa askari.

Kadi imetoka kwa jina la dada. Shemeji alilipendekeza mwenyewe, nami nilishangaa, ingawa sikusema. Kiwanja cha Kisongo kipo, na msimu uliopita walikipanda mahindi.

Safari ya kwanza ya Mang'ola walirudi usiku na magunia saba. Katika kupanda, magari mengine yaliwapita. Shemeji alinisimulia jambo hilo kwa uchungu, akiyataja moja baada ya jingine na rangi zake. Dada alikuwa amelala njia nzima.

Juzi shemeji alikuja peke yake. Tulipokwisha kuamkiana alitoa simu na kunionyesha picha ya Ford Ranger Raptor, ile iliyotoka mwaka 2018, yenye nguvu za farasi 213 na shokomzoba za mashindano. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama najua mtu yeyote anayeuza moja. Nikamuuliza kama dada ameiona picha hiyo. Akairudisha simu mfukoni, akaomba chai.