Samaki Hurudishwa Majini, Hesabu Hubaki Nyumbani

Kinyinya ni jina lililosikika mbali kabla ya wengi kufika huko. Tangu mwaka 1965 hadi mwaka 2015 mitambo ya redio Deutsche Welle ilirusha matangazo kutoka kilima hicho cha Kigali, ya Kiswahili yakiwamo, na wasikilizaji wa bara na pwani wakayapata. Matangazo hayo yamekoma. Habari ya Kinyinya inayosimuliwa hapa ni ya nyumbani zaidi: ni habari ya mshipi, ndoana na ada ya shule.

Mfano ni wa fundi seremala mmoja, mtu mwenye bidii na mwenye watoto wanne. Wenzake watano walimwalika katika mashindano ya kirafiki ya kuvua kwa mshipi, siku tatu mfululizo, katika bwawa la mfugaji wa samaki upande wa Ziwa Muhazi. Wilaya ya Gasabo, ambamo Kinyinya imo, inafika mpaka kwenye ufuko wa ziwa hilo, kwa hiyo safari haikuwa kubwa. Kilichokuwa kikubwa ni gharama. Fundi alitamani fimbo ya kuvulia ya kiwandani, nyepesi na yenye gurudumu la kukunjia uzi. Fedha zilizokuwa kabatini zilikuwa za ada ya binti yake wa sekondari.

“Mama watoto,” alisema, “nitazirudisha kabla shule haijafunguliwa. Mshindi anapewa zawadi, na samaki huko ni wengi.”

“Baba watoto,” mkewe alimjibu kwa upole, “fedha hizo zina jina la mtu. Lakini wewe ndiwe mwenye neno lako.”

Fundi alizichukua.

Kabla ya kueleza yaliyompata, inafaa msomaji aujue mchezo wenyewe. Uvuvi huu si ule wa wavu na mtumbwi unaolisha miji yetu. Ni uvuvi wa mashindano, uliokomaa sana huko Uingereza, Italia, Ufaransa na Ubelgiji. Waingereza wa zamani waliwagawa samaki wa maji baridi katika mafungu mawili. Samoni na trauti walihesabiwa kuwa samaki wa wakubwa. Waliosalia wakaachiwa watu wa kawaida, wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani, ambao waliutumia mwisho wa juma kando ya mito na mifereji. Kwa kuwa samaki wao hawakutazamiwa kupamba meza za wakubwa, sifa ilihamia kwenye ustadi wa kuwavua. Ndipo yalipoota mashindano ya kupima uzito. Baadaye zilichimbwa au kupandikizwa samaki maziwa madogo maalumu, hasa wa aina ya karpu, ili wavuvi walipie siku na kushindana humo.

Utaratibu wake ni wa haki. Asubuhi kila mshindani hupiga kura ya mahali pa kukaa, asije mtu akajichagulia pembe nzuri. Ishara ya kwanza huruhusu kupanga vifaa; ya pili huruhusu kutupa chambo cha kuwavuta samaki; ya tatu ndiyo ya kuvua; na ya mwisho huamuru mishipi yote itoke majini. Samaki hutunzwa wakiwa hai katika wavu mrefu uliotumbukizwa majini. Jioni msimamizi hupita na mizani, hupima, huandika, na samaki hurudishwa walikotoka.

Mashindano yakiwa ya siku nyingi, hesabu hubadilika. Yapo yanayojumlisha uzito wa siku zote. Lakini mengi huhesabu nafasi: wa kwanza katika kundi lake siku hiyo hupata pointi moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, na kuendelea. Mwisho wa yote, mwenye pointi chache ndiye mshindi. Asiyepata hata samaki mmoja hubebeshwa pointi za mkiani. Kwa hesabu hiyo, siku moja ya mikono mitupu yaweza kufuta sifa ya siku mbili za neema.

Mtu asidhani huu ni mchezo wa kubahatisha. Alan Scotthorne wa Uingereza alitwaa ubingwa wa dunia wa uvuvi wa maji baridi mara tano, mitatu kati ya hiyo ikifuatana katika miaka ya 1996, 1997 na 1998. Bahati ya kura humpata kila mtu, lakini haimwandami mtu mmoja miaka yote hiyo.

Sehemu zetu za Afrika Mashariki nazo zina historia ya maji yaliyopandikizwa samaki. Mwaka 1905 trauti waliletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Mwaka 1929 samaki wa Marekani aitwaye basi alitiwa katika Ziwa Naivasha kwa ajili ya wavuvi wa starehe. Huku Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1950, dagaa wa Ziwa Tanganyika walihamishiwa Ziwa Kivu. Ndio sambaza wanaoliwa leo katika nyumba nyingi za Kigali. Kigembe, karibu na Butare, kikajengwa kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, na katika miaka ya 1980 kituo hicho kikawa kitovu cha mradi wa kuwafundisha wakulima, wanawake wakiwamo, kufuga perege katika mabwawa ya mabondeni.

Historia hiyo ina onyo ndani yake. Maji yaliyopandikizwa ni kama ghala: kilichomo kimewekwa na mtu, na kosa la mwekaji hubaki humo. Sangara aliyetiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 aliwatajirisha wenye viwanda, lakini alichangia sana kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo wa asili. Hata bwawa dogo lina hesabu yake. Perege huzaa mapema na mara nyingi, na jike hulinda mayai yake kinywani. Wasipopunguzwa, bwawa hujaa samaki wengi waliodumaa, na ndiyo sababu baadhi ya wafugaji huchanganya na kambare awale vifaranga. Tena maji ya milima ya Rwanda ni ya baridi, na perege akipoa hupunguza kula. Mvuvi asiyelijua hilo atalaumu ndoana.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Siku ya kwanza ilikuwa ya jua. Fimbo mpya ilipeleka chambo mbali, na jioni mizani ilisoma kilo 6. Akawa wa kwanza. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye mwanzi alioukata mwenyewe, uzi, kiboya cha kizibo na chubwi ndogo ya risasi. Yeye alipata kilo 4. Siku ya pili fundi akaongoza tena kwa kilo 5, na mzee akashika nafasi ya tatu kwa kilo 3. Jioni ile fundi alimpigia mkewe simu, akamwambia aanze kuhesabu zawadi.

Usiku ikanyesha mvua kubwa, na alfajiri maji yalikuwa baridi na yenye tope. Fundi hakubadili neno. Ishara ya pili ilipotolewa alitupa majini pumba zote alizokuwa nazo, apate samaki wengi kwa haraka kama siku zilizotangulia. Samaki wachache waliokuwa na hamu ya kula wakashiba pumba, wakaiacha ndoana. Karibu na adhuhuri samaki mmoja mkubwa alishika. Fundi, kwa pupa, akavuta kwa nguvu badala ya kumwachia uzi achoke. Uzi ukakatika. Hakupata mwingine.

Mzee alikuwa amefanya kinyume. Alitupa pumba za kujaza kiganja tu, akangoja, akatupa tena. Aliifupisha kamba kati ya kiboya na chubwi mpaka akapata kina walichojificha samaki. Akaacha kuwinda wakubwa, akatumia ndoana ndogo na kipande cha nyungunyungu, akaokota wadogo mmoja mmoja. Jioni alikuwa na kilo 2, nafasi ya pili.

Hesabu ikasomwa. Mzee: mbili, tatu na mbili, jumla pointi 7. Fundi: moja, moja na sita, jumla pointi 8. Fundi akasimama kwa hasira.

“Mizani yenyewe inasema nina kilo 11, na mzee ana 9!”

“Ni kweli, mwanangu,” mzee akamjibu. “Lakini hatukukubaliana kushindana kwa siku mbili. Tulikubaliana siku tatu, na kila siku ihesabiwe peke yake.”

Samaki wote wakarudishwa bwawani, maana walikuwa mali ya mfugaji. Fundi akapanda gari kurudi Kinyinya bila zawadi na bila kitoweo.

Mkewe hakupaza sauti. Alimwandalia maji ya kuoga na chakula, kisha akauliza swali moja tu: “Baba watoto, shule inafunguliwa Jumatatu. Mtoto aende na nini?”

Swali hilo ndilo mizani ya mwisho ya mchezo wowote wa mtu mwenye familia. Fundi hakuwa na jibu usiku ule. Asubuhi aliitoa fimbo katika mfuko wake, akaifuta, akamuuzia mmoja wa washindani wenzake kwa bei pungufu. Kilichopungua alikifidia kwa kutengeneza meza mbili usiku, taa ikiwaka karakanani mpaka saa sita. Binti alichelewa shuleni siku tatu, idadi ileile ya siku za mashindano. Baba yake hakuisahau hesabu hiyo.

Je, mtu wa nyumbani aache mchezo huu? Sivyo. Kukaa kando ya maji humpumzisha mtu aliyechoka kwa kazi, humtenga na baa, na humfundisha mtoto kunyamaza na kutazama. Nyumba ya fundi ilifikia mapatano ambayo nyumba nyingine zaweza kuyaiga. Kwanza, fedha ya mchezo itengwe kila mwezi katika kopo lake, na kopo likiwa tupu hakuna safari. Pili, vifaa vianze na mwanzi. Ustadi ukizidi mwanzi, ndipo fimbo ifikiriwe. Tatu, siku ya mwisho anunuliwe samaki wa kilo kwa mfugaji, ili walioachwa nyumbani nao waonje safari.

Kwa wanaotaka kujaribu, yapo mambo machache ya kuzingatia. Katika bwawa la mtu, idhini ni ya mwenyewe. Katika ziwa la umma, kibali cha mamlaka ni lazima, na chandarua cha mbu hakina nafasi kabisa katika uvuvi. Anayerudisha samaki amrudishe akiwa mzima: alowanishe mikono kabla ya kumshika, asimbwage juu ya majani makavu, atumie ndoana iliyobanwa kile kijino chake ili itoke bila kurarua, na wavu wa kumtunzia uwe mpana na utumbukie kwenye kina chenye kivuli. Samaki aliyejeruhiwa na kurudishwa ili afe usiku hakurudishwa, amepotezwa. Watoto wasiachwe peke yao ukingoni, hata maji yakionekana mafupi. Tena pasiwe na kuingia majini ovyo, kwani maji tuli yenye konokono yaweza kuwa na kichocho.

Lakini somo kubwa limo katika pumba za mzee. Alitupa kidogo, akangoja, akatupa tena. Mshahara unaomwagwa wote tarehe moja hushibisha wauza duka, na tarehe ishirini nyumba huketi ukingoni bila chambo. Siku ya kilo 6 hupendeza kusimuliwa, bali watoto hawali masimulizi. Nyumba husimama kwa siku zake za kilo mbili, zile za mvua na tope, ambazo baba au mama hakukata tamaa, akaokota kidogo kilichowezekana.

Fundi sasa huenda Muhazi mara moja moja, mwanzi begani, na binti yake humsindikiza wakati wa likizo. Binti ndiye mwandishi wa hesabu ya mizani. Inasemekana hapindishi pointi hata kwa baba yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kina wenyewe.