Posho, Nyama ya Kopo na Deni la Taifa

Mwanafunzi wa Uganda anapoanza kujifunza Kiswahili, huja darasani akiwa na neno moja ambalo anaamini analijua tayari: posho. Kwake yeye, posho ni ule ugali wa mahindi unaopakuliwa shuleni pamoja na maharagwe. Akifungua kamusi hushangaa kukuta kwamba posho ni mgawo wa chakula, au fedha ya kujikimu, anayopewa mtu aliye kazini au safarini. Kamusi haikukosea, wala mwanafunzi hakukosea. Neno limesafiri tu, na safari yake inatufunza uraia. Maoni yangu ni haya: ukitaka kujua mamlaka inawathamini vipi watu wake, tazama inawalisha nini inapowatuma.

Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kuelekea bara, mpagazi aligawiwa posho yake ya nafaka, au kitambaa cha kubadilishana na chakula njiani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, mtindo huo uliingia jeshini kwa ukubwa usiopata kuonekana. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo risasi, dawa na masanduku ya chakula vilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi waliofariki upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kupita 90,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, hasa ya kuhara damu, uchovu na lishe duni. Unga wa mahindi uliokuwa posho yao huhitaji moto wa kutosha na muda wa kutosha, navyo vyote viwili vilikuwa haba safarini. Aliyezoea ndizi tangu utotoni alilazimika kula uji uliokaribia kuwa mbichi, kisha akajitwika tena mzigo wake. Naam, huenda ndani ya mzigo huo mlikuwa na nyama ya makopo ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuionja.

Jina la kikosi hicho cha wapagazi lilitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili likawa Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam. Nairobi nako kuna Kariokor. Maelfu ya watu hununua na kuuza humo kila siku, na sijui ni wangapi hukumbuka kwamba wanasimama juu ya jina la watu waliokufa wakiwabebea wengine chakula.

Katika Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika, ingawa si yote. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu huwaita keya, walipelekwa hadi Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake mlikuwa na batalioni ya 4 kutoka Uganda, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali. Matope yalizuia malori, ikabidi chakula kidondoshwe kwa ndege.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu alikuwepo mzee mmoja aliyepata kuwa keya. Sisi watoto tulitaka kusikia habari za bunduki. Yeye alipendelea habari za chakula. Alitueleza jinsi biskuti za jeshini zilivyokuwa ngumu, hata ikabidi zilowekwe kwenye chai, na jinsi mafuta ya nyama ya kopo yalivyoganda pembeni na kugombewa kwa ncha ya kisu. Alituambia kwamba baadhi ya wenzake Waislamu waliikataa nyama hiyo, kwa kuwa hawakujua imechinjwa na nani, nao wakapewa biskuti za wengine kwa makubaliano yaliyofanywa kwa Kiswahili, lugha pekee waliyoshirikiana wote. Aliisifu nyama ile. Alisema nyumbani kwao nyama ilikuwa ya sikukuu tu. Hata hivyo, hakusahau kuongeza kwamba afisa Mzungu na askari Mwafrika hawakuwa na orodha moja ya chakula, ijapokuwa mvua iliyowanyeshea ilikuwa moja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba historia ya vita ni historia ya mapigano, mikataba na makamanda. Sikubaliani nao. Kamanda huandika kumbukumbu zake mwenyewe, na majina ya mapigano huchongwa kwenye mawe. Mgawo wa chakula ndio unaofichua kile ambacho hotuba za ushujaa hukifunika, yaani nani alihesabiwa kuwa mtu kamili na nani alihesabiwa kuwa chombo cha kubebea. Tena, utamu wa nyama ya kopo hauondoi dhuluma ya orodha mbili. Mtu anaweza kushukuru kwa alichopewa na bado akajua kwamba alipunjwa.

Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tazama neno letu lilikofika. Hapa kwetu posho imebaki kuwa chakula cha mwanafunzi na cha mfungwa. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, posho hutajwa zaidi kuhusu fedha wanazolipwa wajumbe kwa kuketi mkutanoni. Neno lililoanzia kwenye kibaba cha mpagazi sasa limeketi kwenye kiti chenye mto. Sisemi kwamba anayefanya kazi ya umma asilipwe gharama zake. Ninachosema ni kwamba taifa lililo huru halina udhuru wa kuendeleza orodha mbili. Iwapo fedha ya kikao hutoka kwa wakati, ilhali mhudumu wa chanjo anayepanda milima kwa miguu hungoja yake kwa miezi, basi bado tunagawa chakula kama walivyogawa wakoloni.

Mwanafunzi mpendwa, wazee waliokula nyama ile huko Burma karibu wote wamekwisha kutuaga. Wamebaki watoto na wajukuu wao, pamoja na waliotumikia majeshi ya baadaye. Likizo hii, mtafute mmoja wao umwamkie kwa heshima. Usianze kwa kumuuliza alipigana wapi. Muulize alikula nini, nani alimgawia, na nani hakupata. Kisha uyaandike majibu yake kwa Kiswahili, lugha ambayo hapa Uganda tumezoea kuiita lugha ya bunduki, nawe utaona kwamba ilikuwa pia lugha ya kugawana kopo moja.