Ridgeback au Basenji? Kwanza semeni nani anabaki nyumbani

Mwezi huu sina kisa cha nyumba ndogo wala cha mawifi. Nina kisa cha mbwa, na usicheke, maana kidogo kivunje nyumba ya watu.

Shoga yangu mmoja wa Maili Moja, Kibaha, kaja kwangu kanuna. Yeye na mumewe wamehamia kwenye mjengo wao, nyumba imeisha lakini uzio bado. Mbele kuna michongoma, nyuma kuko wazi. Bwana anafanya kazi Dar, anatoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi saa tatu usiku, foleni ikichachamaa saa nne. Mama anabaki na watoto wawili, kuku wake 30 na giza. Sasa bwana anataka Rhodesian Ridgeback, mbwa aliyewinda simba. Mama anasema kama mbwa ni lazima, basi awe Basenji, maana kasikia habweki wala hanuki. Siku tatu hawasemeshani.

Tuanze na mbwa wenyewe, ya watu tutayarudia.

Ridgeback asili yake ni kusini mwa Afrika. Wakoikoi walikuwa na mbwa wenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yanalala kinyume na mengine. Walowezi wakawachanganya na mbwa waliokuja nao kutoka Ulaya, na mwaka 1922 sifa za aina hiyo zikaandikwa rasmi mjini Bulawayo. Usidhani alikuwa anamuua simba. Kazi yake ilikuwa kumzonga na kumbabaisha mpaka mwenye bunduki afike. Dume anafika kilo 36 au zaidi, na kimo chake begani ni sentimita 63 hadi 69. Kwa watu wake ni mpole, habweki ovyo, lakini ana nguvu na ubishi. Asipofundishwa tangu mdogo, atamburuta mama na mtoto kama mkokoteni. Halafu huyu si wa kula makombo. Kwa usawa huu wa maisha, sahani yake iingie kwenye bajeti.

Basenji ni wa misitu ya Kongo. Jina lake ni ndugu wa neno letu 'washenzi', yaani mbwa wa watu wa porini. Ukimwona utadhani mbwa wetu wa kienyeji katoka saluni: masikio wima, makunyanzi kwenye paji la uso, mkia umejikunja mgongoni. Ana kilo kama 11 na kimo cha sentimita 43 hivi. Ni kweli habweki kama wenzake, ana sauti yake kama anaimba, ndiyo maana wawindaji humfunga njuga shingoni wasimpoteze msituni. Na ni msafi, anajilamba kama paka. Ila shoga yangu hakuambiwa upande wa pili. Huyu ni mwepesi, anaparamia uzio, akikaa bure anatafuna viatu na makochi. Akiona kitu kinakimbia anakifukuza. Kuku 30, mama, hebu piga hesabu!

Yupi kati yao utakayemchukua, mambo haya hayakwepeki. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Pili, Pwani yetu ina Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, na kwao chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wako akizurura kwa jirani, umeleta ugomvi wa mtaa mzima. Tatu, usimnunue ukiota kwenda kuwinda Ruvu. Wanyamapori wana sheria, na bila kibali utaishia mahakamani.

Sasa turudi kwa watu wetu. Nilipowakalisha pamoja ndipo likatoka jambo lenyewe: bwana alishatoa kishika uchumba cha mbwa bila kumwambia mkewe! Nikamuuliza, shemeji, nani atampikia, nani atamwogesha, nani atamfundisha? Akamtazama mkewe. Basi mama akalia. "Mimi sikuomba mbwa. Mimi naomba urudi mapema."

Bwana akakaa kimya, kisha akasema taratibu: "Mama watoto, nikiwa kwenye daladala saa mbili usiku, roho yangu iko hapa nyumbani. Nilidhani mbwa atanisaidia." Mwaka mzima mama alidhani mumewe hata hamuwazi.

Wamekubaliana hivi. Uzio na taa za nje kwanza, mbwa baadaye. Banda la kuku lizungushiwe wavu. Bwana aongee na bosi wake abadilishiwe zamu angalau siku mbili kwa wiki. Wakinitaka maoni, kwa nyumba ile naegemea Ridgeback, kwa sharti kwamba bwana mwenyewe atamfundisha kila Jumamosi na Jumapili na pesa ya chakula itoke mfukoni mwake. Basenji ni wa nyumba isiyo na kuku, yenye ukuta mrefu na mtu wa kumtembeza kila siku. Kama hayo yote hamyawezi, msichukue yeyote. Ridgeback anaishi miaka 10 hadi 12, Basenji hata 14. Huo ni mkataba mrefu, mama.

Na ewe baba unayesoma hapa: kabla hujamleta mbwa amlinde mkeo usiku, muulize kama anayemsubiri pale mlangoni ni mbwa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.