Mtoto "mzito" darasani: alichokiandika mwanafunzi wa ualimu kwa wiki tatu

Mwanafunzi mmoja wa ualimu wa elimu maalumu, mzaliwa wa Mwera wilayani Pangani, alitumia wiki tatu kumfuata mwalimu mzoefu wa fani hiyo katika shule ya msingi karibu na kwao. Hakupangiwa kufundisha. Alitakiwa akae nyuma ya darasa na daftari, aandike anachokiona, na mchana watoto wakishaondoka amsomee mwalimu alichoandika.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyotarajia. Siku ya pili tu alimwona binti wa miaka minane akihangaika kuvaa sweta, akainuka akamvalisha. Mwalimu hakumgombeza, ila alimwambia kwamba mtoto amepata sweta lakini hakujifunza kitu. Kesho yake akamwonyesha namna nyingine. Mwalimu alimpitisha binti kichwa na mikono, akamwachia sehemu moja ya mwisho, kuvuta sweta lifike kiunoni. Binti akavuta, akapigiwa makofi. Alipolizoea hilo, aliachiwa pia mkono mmoja, kisha yote miwili. Mtoto huanza na hatua ya mwisho, kwa hiyo kila mara yeye ndiye anayeimaliza kazi.

Mzazi anaweza kuifanya njia hii nyumbani bila gharama yoyote, iwe kuvaa kaptura, kunawa mikono au kuvaa kandambili. Inahitaji muda tu, na asubuhi za shule muda ndio haupo. Basi ifanyike jioni.

Jambo jingine lililojaa kwenye daftari lile ni kusubiri. Mwalimu akitoa agizo hunyamaza, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia. Watu wazima wengi hurudia agizo mara tatu ndani ya sekunde tano, na mtoto ambaye akili yake inachelewa kupokea maneno huanza upya kila mara. Kwa nje anaonekana mkaidi.

Wiki ya pili mwalimu wa darasa la tatu alimleta mvulana wa miaka tisa aliyekuwa akirudia darasa. Walimu walimwita mzito. Bibi anayemlea alishakata shauri kwamba kama shule imemshinda, heri aende kwa mjomba wake Kipumbwi akajifunze uvuvi mapema.

Mwanafunzi alipewa kazi ya kumwangalia mtoto huyo mmoja tu, kwa sharti asiandike "mvivu" wala "hana akili". Aandike kile ambacho jicho limeona, na saa. Saa 2:40 asubuhi akaandika kuwa mtoto ameacha kuandika, ametazama ukutani, kope zikachezacheza, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilichukua kama sekunde nane. Mpaka mapumziko ya saa 4:00 alikuwa ameyaandika matukio saba ya aina hiyo. Kila lilipopita, mvulana alikuwa amepitwa na sentensi moja au mbili za mwalimu, na hakujua kwamba amepitwa.

Bibi alipoitwa shuleni alikuja akitarajia kuambiwa amwondoe mjukuu wake. Mwalimu alimpa shikamoo, akamkalisha, akamsomea daftari kama lilivyo. Bibi akakumbuka kwamba hata kwenye chakula mkono wa mtoto husimama na tonge, halafu ukaendelea. Nyumbani walisema ana mashetani, na fedha za mganga zilishatoka. Mwalimu hakubishana naye juu ya hilo. Alimwomba tu ampeleke pia kituo cha afya, na daftari aende nalo.

Hapo mwalimu alifanya jambo la busara, hakuutaja ugonjwa. Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari. Lakini wazazi wajue kwamba ipo aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto wala kumtoa povu. Humpoteza kwa sekunde chache tu, pengine mara nyingi kwa siku, na huwapata zaidi watoto wa umri wa shule. Ina dawa, na wengi hutulia wakiitumia kama walivyoelekezwa. Dawa hizo hazikatishwi ghafla hata mtoto akionekana amepona, kwa sababu degedege kubwa linaweza kufuata. Akibainika nazo, uliza mapema zinapatikana wapi. Kutoka Mwera, kuvuka mto Pangani na kufika Hospitali ya Bombo jijini Tanga ni safari ndefu, na nauli yake si ya kudharau.

Si kila mtoto mzito ana kifafa. Katika darasa lile wawili tatizo lao lilikuwa masikio. Sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi linaweza kumpunguzia mtoto usikivu, naye akaanza kukaa kimya darasani, akaitwa mjinga. Usimdondoshee mafuta wala maji ya majani. Likaushwe kwa kitambaa safi na laini, na mtoto aonwe na mhudumu wa afya. Macho nayo yapimwe.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Kwa hiyo jirani mwenye mtoto wa namna hii yupo, hata kama mtoto mwenyewe haonekani uani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma kama wenzake. Walimu wake huandaliwa katika vyuo kama Patandi mkoani Arusha, lakini hawajafika kila shule. Pasipo na mwalimu wa fani hiyo, mzazi anaweza kuanza na daftari la kurasa 40. Aandike tarehe, saa, mtoto alikuwa akifanya nini, kilichotokea, na kilidumu kwa muda gani. Simu ikiwa na kamera, arekodi tukio amwonyeshe daktari.

Mvulana ameanza dawa. Matukio yamepungua, lakini kwa kusoma bado yuko nyuma sana ya wenzake, na mwalimu amemrudisha kwenye silabi kwa nusu saa kila siku baada ya vipindi. Bibi ndiye anayetunza daftari sasa. Hajui kuandika sana, hivyo huweka alama moja kwa kila tukio, na safari ya Kipumbwi ameiahirisha mpaka likizo ya Desemba.