Bustani ya Nyumbani: Nyuki Mweusi wa Darini

Mwezi huu tuache kidogo habari za samadi na matuta, tuyatazame maua ya kiangazi pamoja na wageni wake. Maana mvua zikikoma na majani ya porini yakikauka, bustani inyweshwayo kwa mkono huwa kama kisima kwa nyuki wa mtaa mzima. Aketiye barazani saa tatu ya asubuhi, asiwe na haraka, ataona mengi.

Katika bustani yetu mwenye wageni wengi kuliko wote ni mrihani. Watu wengi huukata kila utoapo maua, wapate majani kwa wingi. Sisi huacha mashina mawili matatu yachanue yapendavyo, na toka asubuhi hata alasiri hayakosi mvumo. Wa pili ni alizeti. Lile tuliitalo ua moja la alizeti kwa kweli ni mamia ya maua madogo yaliyokusanyika, nayo hufunguka kwa zamu toka ukingoni kwenda katikati, hata nyuki wakapata chakula siku nyingi katika kichwa kimoja. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri, basi nyuki huyawahi mapema, akatoka humo amepakaa unga wa manjano mwili mzima.

Wala si kila ua zuri limfaalo nyuki. Waridi lenye petali nyingi zilizorundikana humpa kidogo sana, kwa sababu sehemu zilizopasa kutoa unga zimegeuka kuwa petali. Asumini hufunguka jioni, humwita nondo. Na wekundu mtupu nyuki hauoni: Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria, alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki huzijua rangi, lakini nyekundu huichanganya na nyeusi.

Lakini nililokusudia hasa ni habari ya nyuki mmoja ambaye wengi hawamhesabu kuwa nyuki. Ni yule mkubwa, mweusi, ngurumo yake husikika kabla hajaonekana, naye hutoboa boriti na mbao za dari. Watoto humkimbia, na wazee humwinda kwa ndala. Mimi nilifanya zaidi ya hayo. Miaka mitatu iliyopita unga wa mbao ulikuwa ukituangukia mezani kila siku, tena wakati wa chakula. Nikakasirika, nikapanda ngazi, nikatia mafuta ya taa katika kila tundu na kuliziba kwa udongo. Mwezi haujaisha, nyumba ikawa kimya.

Sasa, penye ua wa jikoni tuna mkarakara, aina ya matunda ya manjano, umesokotana na wa jirani. Matunda yake ndiyo yaliyokuwa yakinunua madaftari ya watoto. Msimu ule ulichanua kuliko miaka yote, tukafurahi. Lakini maua yakaanguka kila siku, na chini yake hapakuwa na tunda. Nikaongeza samadi. Nikaongeza maji. Mwisho mke wangu akaniambia, “Baba watoto, wale weusi uliowaua ndio waliokuwa wakija hapa mchana.” Sikuwa na la kujibu.

Tazameni jinsi ua la karakara lilivyo. Maji yake matamu yamo chini, katikati. Juu yake vimening'inia vifuko vya unga, ambao vitabuni huitwa chavua, na juu zaidi ziko ncha tatu zinazopaswa kuupokea unga huo ili tunda lifanyike. Nyuki wa asali ni mdogo: hupita chini ya dari hiyo, akanywa au akachukua unga wake, akaenda zake bila kuzigusa ncha. Yule mweusi ni mnene. Ainamapo kunywa, mgongo wake husugua juu, ukachukua unga wa ua hili na kuupaka ua jingine. Tena aina hii ya manjano haikubali unga wa mmea wake wenyewe, sharti utoke kwa mmea mwingine. Ndiyo maana kuwa na jirani mwenye mkarakara ni jambo jema. Aina ya zambarau haina ukaidi huo, mara nyingi huzaa kwa unga wake.

Kazi yake haiishii hapo. Unga wa biringanya na nyanya umefungwa ndani ya vijibomba vyenye tundu dogo nchani, mfano wa kikopo cha chumvi. Nyuki wa asali hajui kuutoa vema. Mweusi hulikumbatia ua, akatetemesha mwili wake kwa nguvu, na unga ukamwagika tumboni mwake. Katika mashamba ya mabiringanya ya Nguruman, nchini Kenya, wachunguzi waliotoa habari zao mwaka 2008 waliona kwamba nyuki wa mwituni wa namna hii ndio wafanyao kazi, nao hutegemea maua ya kando ya shamba, kwa kuwa ua la biringanya halina maji matamu. Kwa hiyo mbaazi au marejea kando ya bustani si upotevu wa nafasi.

Nawajua watakaouliza, “Na boriti zetu je?” Ni swali la haki. Nyuki huyu hali mti; jike huchimba ushoroba katika mti mkavu, akaweka mkate wa unga wa maua, akataga yai, akaziba kwa vumbi la mbao, kisha akafanya chumba kingine. Lakini matundu yakiongezeka mwaka kwa mwaka, mbao hudhoofika. Dawa ni kuzipaka rangi, maana hupenda mti ulio mtupu, na kumpa mahali pengine. Dume hana mwiba kabisa. Jike anao, ila hauma upesi asiposhikwa.

Anayelazimika kunyunyiza dawa ya wadudu asinyunyize katika maua yaliyofunguka. Mkarakara wa manjano hufunguka adhuhuri na kufumba usiku, basi hata jioni mapema ni hatari.

Sisi tulifunga gogo kavu la mwembe juu ya ua wa jikoni. Huku tukingoja, mke wangu na binti yetu walitoka kila mchana na unyoya wa kuku, wakapaka unga toka mkarakara wa jirani hata wetu, na wetu hata wa jirani, ua baada ya ua. Tukapata matunda ya kutosha madaftari, si ya kutosha sare. Gogo lilikaa mwaka mzima bila mpangaji. Sasa lina matundu manne, na asubuhi ya leo chini ya moja nimekuta vumbi jipya.