Balozi mtarajiwa apitie kwanza Ngara na Biharamulo

KILA Ikulu inapotoa taarifa ya uteuzi wa mabalozi, mjadala unaozuka mijini hauchukui muda kutabirika. Watu huuliza nani amekumbukwa, nani ameondolewa njiani ili asiwe kikwazo, na nani amepewa mahali pa kupumzikia baada ya utumishi mrefu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa zito kuliko yote hayo: mteule huyu ameandaliwaje kwa kazi anayokwenda kuianza?

Swali hili si la kubeza. Nchi yetu ina desturi ndefu ya kuwatoa watu katika kazi nyingine na kuwaingiza katika diplomasia. Dk. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na historia inajua alikofika. Sir George Kahama, mwana wa Karagwe, alitoka katika uwaziri akaiwakilisha nchi Ujerumani Magharibi, na baadaye China. Dk. Diodorus Kamala alitoka katika uwaziri wa Afrika Mashariki na ubunge wa Nkenge, akaenda Brussels. Ernest Mangu, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi hadi Mei 2017, alipelekwa Kigali. Simon Sirro, aliyempokea kijiti, alipangiwa Zimbabwe mwaka 2022.

Kwa hiyo kubadili kazi si kosa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaitaja kazi ya ubalozi kwa maneno machache: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kufanya majadiliano, kufuatilia kwa njia halali hali ya nchi mwenyeji na kuitolea taarifa, na kukuza uhusiano mwema. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mwanajeshi, mwalimu au mwanasiasa hawezi kujifunza. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Msumbiji na ambacho sasa kinabeba jina la Dk. Salim, kipo kwa ajili hiyo.

Hofu yangu iko kwingine. Itifaki, namna ya kuandika barua ya kidiplomasia, hata utaratibu wa kuwasilisha hati za utambulisho, vyote hufundishika darasani. Lakini maslahi ya nchi yanayopaswa kulindwa yanaonekana wapi kwa macho? Kwa yule anayepangiwa Kigali, Bujumbura au Kinshasa, jibu langu ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera ambazo wakazi wengi wa Dar es Salaam huzijua kwa jina tu.

Tuanze na Ngara. Itakumbukwa kwamba tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24. Wilaya nzima wakati huo haikuwa na wakazi wanaofikia idadi hiyo. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa usiokuwa na maji wala kuni za kutosha, na ndani yake wahanga na wauaji walipanga foleni moja ya chakula. Kilichotangulia ni nini? Miezi minane tu kabla, Agosti 1993, mkataba wa amani ya Rwanda ulikuwa umetiwa saini Arusha, kwa usuluhishi wa Tanzania na kazi kubwa ya mwanadiplomasia wetu Ami Mpungwe.

Namtaja Mpungwe bila nia ya kumlaumu, maana aliyeuvunja mkataba si aliyeusuluhisha. Namtaja kwa sababu mwanadiplomasia mpya anapaswa kusimama pale Rusumo akitazama maji ya Mto Kagera na kuelewa kwamba majadiliano yakishindikana hotelini, gharama yake huangukia shamba la migomba la mtu ambaye hakualikwa mezani. Mwaka uliofuata, Machi 1995, Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakatakiwa kuwa wamerejea kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Maamuzi yote hayo yalitetewa na mabalozi wetu ughaibuni, mbele ya mataifa yaliyokuwa na mengi ya kusema na nafasi chache za kupokea wakimbizi.

Biharamulo nayo ilibeba fungu lake. Wasafiri wa miaka ya 2000 hawajasahau mabasi yaliyosindikizwa na askari wenye silaha katika mapori ya wilaya hiyo, kwa hofu ya majambazi waliotumia bunduki zilizozagaa kutokana na vita vya jirani. Leo malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rusumo na Kabanga. Barabara ile ni sera ya mambo ya nje iliyowekwa lami.

Ushahidi ni mwaka 2013. Mwezi Mei, jijini Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Kigali ilikasirika. Julai, akiwa ziarani Kagera, Rais aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Mwezi huohuo Rwanda ikapandisha tozo ya malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi dola 500, ikisema inajibu kiwango ambacho Tanzania ilikuwa ikiyatoza malori yake. Marais hao wawili walikutana Kampala tarehe 5 Septemba, na baadaye kiwango cha dola 152 kikarejeshwa.

Haki ya nchi kujua nani anaishi ndani ya mipaka yake haina mjadala. Hata hivyo, Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni lugha ambazo wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Wapo waliovuka mto miongo kadhaa iliyopita, wakaoa, wakazaa na kuzika wazazi wao huku. Operesheni ilipopita, zipo familia zilizogawanyika, mume upande huu na mke upande ule. Faili la ofisini lina visanduku viwili tu, raia na asiye raia. Balozi asiyejua kwamba maisha ya mpakani hayaingii kirahisi katika visanduku hivyo atamjibu nini waziri wa nchi mwenyeji atakapomwita kujieleza?

Wala si majonzi matupu yanayofundishwa huko. Rusumo ina daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyozinduliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame. Jirani yake kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, inayomilikiwa kwa usawa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Kabanga kuna nikeli, ambayo Serikali iliingia mkataba wake Januari 2021 kwa hisa za asilimia 16, na ng'ambo ya mpaka Burundi nayo ina nikeli yake Musongati, inakoelekea reli ya kutoka Uvinza. Nani atasafirisha madini ya nani, na kwa bei gani, ni majadiliano yatakayowashughulisha mabalozi wetu kwa miaka mingi.

Ningekuwa na sauti katika Wizara ya Mambo ya Nje, ningependekeza kila mteule wa Maziwa Makuu akae mwezi mmoja huko kabla ya kuagwa. Akae na madereva Lusahunga, na wanawake wanaovusha ndizi na maharage Kabanga. Amsikilize mkuu wa wilaya, ambaye kwa vitendo hufanya diplomasia kila wiki na mwenzake wa ng'ambo bila kuitwa Mheshimiwa Balozi. Gharama yake haizidi tiketi moja ya ndege ya daraja la kwanza kwenda Ulaya.