Baruti na Mikono Iliyoichimba



Vita vinaposimuliwa hutajwa majemadari na mataifa. Ni nadra kuulizwa baruti ilitoka wapi. Katika toleo hili tumeona vema kuuliza swali hilo juu ya vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812.

Miongoni mwa malalamiko makubwa ya Marekani lilikuwa hili: manowari za Uingereza ziliwakamata mabaharia katika meli za Kimarekani na kuwatumikisha kwa nguvu. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu si chombo cha kazi cha mwenzake.

Lakini robo tatu ya baruti ni shura. Makaa na salfa ni kidogo tu. Shura nyingi ilitoka Bara Hindi, na Waingereza walipozifunga bandari, bei ilipanda. Ndipo udongo wa Mammoth Cave, pango kubwa la Kentucky, ukawa mali. Wamiliki wake, Charles Wilkins na Hyman Gratz, waliwatumia humo watumwa wapatao 70 wenye asili ya Afrika. Hao walichimba udongo kwa mwanga wa taa, wakaujaza katika matangi ya mbao, wakaumwagia maji yaliyoletwa kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa. Maji yaliyochuja chumvi ya udongo yalisukumwa hadi nje, yakapitishwa katika majivu ya kuni, kisha yakachemshwa hata shura ikaganda. Ilikuwa kazi ya ustadi, tukiri. Ujira haukuwapo.

Hivyo taifa lililoingia vitani likiwatetea mabaharia waliotumikishwa lilijipatia baruti kwa mikono ya waliotumikishwa. Hatudhani wafanyabiashara wale walikuwa waovu kupita wengine, walikuwa wamezoea. Mazoea hayo yanatutia hofu zaidi kuliko uovu wenyewe, kwa maana hata sisi twaweza kuimba siku ya kutabaruku kanisa jipya pasipo kuuliza kama kibarua aliyechimba msingi amelipwa.

Amani ilirejea mwaka 1815. Bei ya shura ikaanguka, na kazi ya pangoni ikaachwa. Mabaki ya matangi na mabomba yangalipo, na watalii huoneshwa. Lakini amani ile haikuwaweka huru waliochimba: utumwa uliendelea kuwa halali katika Kentucky hadi Desemba 1865.